Nimeachwa na povu kichwani kwa jina la kutunza mazingira

Wakuu, ninaandika haya nikiwa bado na sabuni sikioni, wala siongezi chumvi, maana chumvi niliyonayo kichwani inanitosha.

Yule bwana wa kofia ya majani, mwenye vile vibanda vya wageni kisiwani vinavyojisifu kutunza mazingira, mnamfahamu, kwa hiyo sioni haja ya kumtaja. Ni yule anayewapokea wageni ufukweni akiwa miguu mitupu, akawavua viatu kabla hawajauliza kibanda chao kiko wapi, kisha akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba kisiwani kwake watu huishi kwa upole. Upole wenyewe nimeuona jana usiku, saa moja na nusu, nikiwa nimesimama katika bafu lisilo na paa, macho nimeyafumba, kichwa kimejaa povu la kutosha kufulia matanga ya jahazi. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakakatika. Nikasikia koki ikifungwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi, kisha sauti ile ile ya upole ikasema: "Maji yako ya leo umeshayaoga."

Umeshayaoga! Hakugomba wala hakuomba radhi. Alisema kama karani anayemsomea mteja salio lake, akaondoka, nami nikazisikia nyayo zake zikienda polepole mchangani kama za mtu aliyemaliza kazi njema.

Mengine yote nilikuwa nimeyakubali. Sikulalamika kwamba hakuna feni, wala kwamba simu huchajiwa adhuhuri tu wakati sola inapopata jua kali, wala kwamba mjusi wa kwenye makuti alikuwa na saa maalumu ya kujisaidia juu ya mto wangu. Nilijiambia kwamba hayo ndiyo niliyoyalipia. Lakini mtu kukufungia maji huku ukiwa na povu, tena akisubiri hadi ufumbe macho, hilo halimo katika picha walizonionyesha.

Nikajifunga taulo nikaenda baharini kujisuuza. Wakuu, maji yalikuwa yamekupwa. Nilikuta bahari nayo imeshayaoga maji yake ya leo, imebaki mchanga na mwani hadi upeo wa macho, nami nikatembea gizani nikipapasa kwa vidole vya miguu hadi nikapata kidimbwi kilichosahauliwa kati ya miamba. Pale sabuni iligoma kutoka, ikageuka mabonge meupe yanayonata, na leo asubuhi nywele zangu zinasimama zenyewe bila msaada wa mtu.

Haikutosha. Nilipofika mezani kwa kifungua kinywa nilikuta ubao mdogo umetundikwa, una majina ya wageni na lita walizotumia, na jina langu limepigiwa mistari miwili. Yule bwana akanitazama nywele, akatabasamu, akasema kwamba chumvi ya bahari ni nzuri kwa ngozi ya kichwa. Naomba mniambie kama nina haki ya kukasirika, ingawa nitakasirika hata mkikataa.

Ngalawa Iliyotoboka: Nimesoma mistari mitatu tu nikamtambua. Ni yule anayekwambia "jisikie uko nyumbani", kisha anakuuliza umekuja na sabuni ya aina gani. Pole sana dada yangu, ila naomba uniruhusu nicheke kwanza, nitarudi kukuonea huruma baadaye.

Mzee wa Tochi: Mleta uzi, kila mgeni hupewa lita 30 kwa siku na hilo huelezwa siku ya kwanza. Bomba la kawaida la bafu humwaga lita 9 au 10 kwa dakika, kwa hiyo ulikuwa na dakika tatu, nawe ukazimaliza zote kwenye nywele. Mtu wa namna hiyo haitwi mwathirika, huitwa mafuriko.

Mleta uzi: Mzee wangu, shikamoo, lakini pakiti ya sabuni yangu ya nywele imeandikwa waziwazi kwamba ukishasuuza urudie, nami ni mtu wa kufuata maelekezo. Hata hivyo hoja yangu haihusu lita. Hoja ni kwamba angeweza kubisha hodi, angeweza kukohoa, angeweza kuniambia "bado kidogo". Alichagua kusema "umeshayaoga" wakati tayari nilikuwa sioni.

Mwalimu wa Kisima: Naomba tumtendee haki yule bwana. Kisiwa kidogo cha matumbawe mara nyingi hakina mto hata mmoja. Mvua hupenya ardhini, na maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya kisiwa. Kanuni inayotumika kukadiria ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na mita zipatazo 40 chini ya usawa huo, na maana yake ni kwamba ukivuta sana kisimani hadi uso wa maji ukashuka kidogo tu, chumvi hupanda kwa kasi kutoka chini, na kisima kilichoingia chumvi kinaweza kuchukua miaka kurudi katika hali yake. Kuhusu mabonge yaliyokupata, sabuni za kawaida hufanya hivyo baharini kwa sababu hukutana na kalisi na magnesi iliyomo katika maji hayo. Ungepakwa povu na nani, bado ungeganda.

Mleta uzi: Mwalimu, nakushukuru kwa darasa, na sasa hasira zangu zimeongezeka. Kumbe palikuwa na mita 40 za maji matamu chini ya nyayo zangu, nami nimesimama juu yake nikiwa na povu machoni, naambiwa nimeshayaoga!

Bibi Upepo: Nyinyi mnalia kwa sababu ya povu, mimi niliendeshewa darasa la choo wakati wa chakula cha usiku. Mnakijua kile choo cha mboji, kisicho na maji, ambacho kila ukimaliza unapaswa kumimina kopo moja la maranda. Yule bwana alisimama katikati ya meza, wageni kumi na wanne wakiwa na vijiko mkononi, akaeleza kwamba maranda hufyonza unyevu na kuacha nafasi ya hewa kupita, na kwamba rundo likilowa na kukosa hewa huoza vibaya na kunuka. Hadi hapo ni elimu. Kisha akauliza, "Nani leo adhuhuri hakuweka maranda?" Halafu hakumtazama mtu mwingine yeyote isipokuwa mimi.

Mzee wa Tochi: Je, ulikuwa umeweka?

Bibi Upepo: Kopo lilikuwa tupu, Mzee. Mtu mzima unafanyaje ukikuta kopo tupu, utoke nje na nguo magotini ukatafute seremala?

Mleta uzi: Pole Bibi, lakini wewe angalau ulikuwa na macho.

Kaa Mpweke: Suala la macho limenigusa. Mimi nilifika msimu wa kasa kutotoa, na jua likishazama hakuna taa inayoruhusiwa upande wa bahari. Sababu naielewa na naikubali: watoto wa kasa wakitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni upeo wa bahari, na taa za vibanda zikiwaka huwapotosha wakaelekea nchi kavu, wakafia huko. Kwa hiyo nikatembea gizani kwa ajili ya kasa, nikajikwaa kwenye gogo ambalo mchana huitwa kiti, nikaanguka, nikapiga yowe. Yule bwana akatokea kutoka nisipopajua, nami nikadhani amekuja kuninyanyua. Akaniambia nipunguze sauti.

Ngalawa Iliyotoboka: Nimerudi kuonea huruma, ila sasa sijui nianze na nani. Mimi alinipokonya losheni ya jua pale pale gatini, akasoma maandishi ya nyuma ya chupa kwa kioo cha kukuzia, akasema ina oksibenzoni, kemikali ya kuzuia miale ya jua, na itaua matumbawe. Nikaenda kusoma mwenyewe, nikakuta Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, ilipiga marufuku losheni za namna hiyo tangu mwaka 2020, na Hawaii ikazuia uuzaji wake mwaka 2021, kwa hiyo hakuitunga. Lakini hakunipa nyingine badala yake. Aliniambia nikae kivulini, katika ufukwe ambao kivuli chake pekee ni kofia yake, nami nikarudi kazini nikibanduka kama rangi ya ukuta wa zamani.

Mzee wa Tochi: Mmekwisha? Mimi niliibiwa na kaa. Simaanishi vile vijikaa vya ufukweni, bali yule jitu wa nchi kavu apasuaye nazi, anayeweza kufikia kilo 4 na miguu yake ikitandazwa hukaribia mita 1. Alipanda barazani usiku, akachukua ndala yangu ya kushoto, akaondoka nayo akiwa ameinua kama mtu aliyeshika mwavuli. Nilipopeleka malalamiko niliambiwa kwamba kaa ndiye mwenyeji na mimi ndiye mgeni.

Kaa Mpweke: Ya kushoto tu?

Mzee wa Tochi: Ya kushoto. Usiku wa pili alirudi, nikadhani amekuja kuirudisha. Alikuja kuchukua ya kulia.

Mleta uzi: Wakuu, kwa heshima zote, naomba turudi kwenye povu. Mtu amefungiwa maji akiwa amefumba macho, tena kwa kuambiwa "umeshayaoga", na huu ni uzi wangu.

Bibi Upepo: Mzee, huyo kaa alikuwa na rangi ya samawati au nyekundu? Nauliza kwa sababu kuna mmoja alinichungulia chooni.

Mzee wa Tochi: Wa samawati, mwenye gando la kushoto kubwa zaidi.

Bibi Upepo: Ni yeye. Alikuwa na ndala.

Msafiri Mpya: Samahani wakubwa zangu, mimi nimeshaweka nafasi hapo, nafika wiki ijayo. Naomba kuuliza, hayo maranda mgeni anakuja nayo au yapo?

Bibi Upepo: Yapo, mwanangu, kwenye pipa la kushoto. La kulia usilifungue.