Tela linateleza mvua ikinyesha, mnapandishaje pikipiki?

Mnyakyusa_wa_Tela: Wadau habari za jioni. Nina tela dogo navuta na pikapu, kazi yangu kutoa pikipiki mbovu vijijini huku Rungwe nazileta kwa mafundi Tukuyu mjini. Mvua za huku mnazijua, sakafu ya tela ni chuma kitupu kimeshasuguliwa mpaka kinang'aa, rampu ni ubao mmoja wa futi 8, sasa tairi likija na tope gurudumu la nyuma linakwenda pembeni na viatu vyangu navyo vinaserereka. Pikipiki aina ya Boxer inacheza kwenye kilo 120, ikikulalia pale katikati ya ubao huna pa kukimbilia. Naambiwa nitandike chekapleti (bati nene la chuma lenye vinundu) kote ila hela ndefu. Njia nyingine ipo?

fundi_mageti: Chekapleti usiikimbilie mkuu, ikiwa kavu iko poa lakini vile vinundu vyake ni vifupi, tope likishavijaza unakanyaga tope tupu. Rampu chukua engo (vyuma vya umbo la L) mbili za pembeni, katikati chomea nondo za mm 12 kila sentimita 10 hivi, tope linadondoka chini lenyewe na kashata za tairi zinashika kwenye nondo. Sakafu piga msasa mpaka kutu na mafuta vitoke, futa na thina, paka rangi ya mafuta, na ikiwa bado mbichi mwagia mchanga wa mto uliokauka ukachekechwa, umwage mwingi usione huruma. Kesho yake fagia uliobaki juu halafu paka mkono wa pili mwepesi ili punje zishikiliwe. Mchanga wa baharini usitumie, ile chumvi italeta kutu.

dereva_wa_Makambako: Fundi kasema vizuri ila mwinuko ndio unaua. Kama tela liko sentimita 60 toka chini, kwa ubao wa futi 8 unapambana na kama kilo 30 zinazokuvuta nyuma muda wote, ukiwa na futi 12 zinashuka kwenye 20. Ubao mrefu unapinda, kwa hiyo weka gogo chini katikati. Na siku nyingine huhitaji hata rampu ndefu, rudisha tela kwenye ukingo wa barabara uliopanda, tofauti ya kimo inabaki kidogo sana. Rampu ifunge na mnyororo kwenye tela maana tairi likisukuma inachomoka, na tela lisitolewe kwenye pikapu wakati wa kupakia, uzito ukikaa nyuma pua inanyanyuka.

mama_boda: Kaka na breki je? Pikipiki ikielekea juu uzito unarudi nyuma, tairi la mbele linakuwa jepesi, ukibana breki ya mkono linaserereka tu na wewe unashuka nalo. Zima injini, weka gia ya kwanza, sukuma pikipiki klachi ikiwa imebanwa, ukitaka kusimama unaachia klachi, la nyuma linashika palepale. Kushusha hivyohivyo, unaichezea klachi taratibu. Na uweke ubao wa pili pembeni wa kukanyaga wewe, nao uwe na vipande vya kuzuia mguu.

Mnyakyusa_wa_Tela: Asante dada, hiyo ya klachi sikuwa nayo. Ila nyingi nazobeba mnyororo umekatika au klachi imekufa, hapo inakuwaje? Na mpira wa sakafuni mnauonaje?

mama_boda: Ikiwa hivyo usipandishe peke yako. Mtu wa pili akae ubavuni kwa nyuma, asikae nyuma kabisa kwenye njia ya pikipiki, awe na kabari ya mbao anaisogeza nyuma ya tairi kila mnapopanda hatua.

fundi_mageti: Mpira ule mnene wa mkanda wa mashine ni mzuri, stendi haitelezi ukishaweka pikipiki, ila uubane na bolti, ukiachwa unasogea wenyewe. Shida yako pikipiki mbovu zinavuja oili, na mpira wenye oili na maji unateleza, ni hatari. Kila ukishusha mzigo sugua na sabuni ya unga na brashi ngumu, ukishindwa hilo baki na rangi ya mchanga.