Re: Binti anataka saksafoni (na habari za Joe Harriott)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Binti yangu ana miaka 12, tunakaa ghorofa ya tatu hapa Croydon. Kasikia saksafoni shuleni, sasa nyumbani hakukaliki. Dukani nimeona bei nikarudi kinyumenyume. Na jirani wa chini ndiye yule aliyelalamikia kinu changu. Wenzangu mnafanyaje?
Mama wa Croydon

*

Marahaba mwanangu. Mpya usinunue. Mwulize kwanza mwalimu wa muziki, maana huduma za muziki za halmashauri nyingi huazima au kukodisha vyombo. Ukiona binti hachoki, kuna mpango uitwao Assisted Instrument Purchase Scheme: mtoto anayefundishwa chombo katika shule ya serikali, shule inaweza kumnunulia kwa pesa zenu bila ile kodi ya asilimia 20. Masharti watakueleza wao. Anzeni na alto, ile saksafoni ya ukubwa wa kati. Na vile vijiti vyembamba vya mdomoni (reeds) nunua boksi zima; kimoja kikipasuka ncha, chombo kinalia kama bata.

Kuhusu kelele, kuziba mdomo wa chombo kwa soksi hakusaidii, sauti hutokea hata kwenye matundu ya pembeni. Wangu alikuwa akipiga ameelekea kabati la nguo lililo wazi, makoti yanakunywa kelele. Jirani nilimtangulizia sambusa.

Halafu, hapa kwetu Southampton, kwenye makaburi ya kanisa la Bitterne, amelala Joe Harriott, mpiga alto Mjamaika. Naye hakununuliwa chombo: alifundishwa Alpha Boys School, Kingston, shule ya masista kwa watoto wasio na uwezo. Alikuja Uingereza 1951. Baadaye alilazwa kwa maradhi ya kifua, na pale kitandani akawa anawaza muziki usiofungwa na mpangilio uliozoeleka. Novemba 1960 akaingia studio kurekodi albamu ya Free Form, pamoja na Shake Keane wa St Vincent kwenye tarumbeta na Mjamaika mwenzake Coleridge Goode kwenye besi. Wapo wanaosema alimwiga Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa Marekani. Mimi sikubali. Wasikilize Harriott na wenzake: mmoja akinyamaza katikati ya neno, mwingine analipokea.
Mjomba wa Southampton

*

Mjomba, kwa heshima, mmalizie basi. Harriott alifariki Januari 1973, miaka 44, mfukoni hana kitu. Huo ndio mfano wa kumpa mtoto?
Kaka wa Leeds

*

Kweli, na sifichi. Uingereza ilimsifu kwa mdomo mtupu. Ila waliokuja nyuma yake walijifunza kutomwacha mtoto peke yake. Gary Crosby, mpiga besi mwenye asili ya Jamaika, na Janine Irons walianzisha Tomorrow's Warriors mwaka 1991: mafunzo ya jazi London, bure, wakiwatazama hasa vijana weusi na wasichana. Nubya Garcia, anayepuliza saksafoni aina ya tenor, kapita pale. Ezra Collective walikutana palepale, na 2023 wakawa bendi ya kwanza ya jazi kutwaa Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka. Mama, kutoka Croydon ni treni tu. Waandikie.
Mjomba

*

Nimewaandikia leo asubuhi, Mjomba. Shule nao wana alto moja kuukuu ya kuazima, kifuniko kimoja kimefungwa kwa mpira wa nywele. Binti kalala nayo. Kabati nimeshalifungua, sambusa nakaanga Jumamosi.
Mama wa Croydon