Hisa zimepaa mno: tubaki humo au tuhamie hatifungani?

MpimaMizani: Wakuu, siulizi soko litaanguka lini. Naomba tupige hesabu tu. Ukinunua hisa kwa bei iliyo mara 25 ya faida ya mwaka, kila 100 uliyoweka ina faida ya 4 nyuma yake, tena isiyo na uhakika. Hatifungani ya serikali (yaani umeikopesha serikali kwa riba) ikilipa 4 ileile, hatari ya hisa naibeba kwa malipo gani?

KichwaNgumu: Kwa sababu faida ya kampuni hukua, riba ya hatifungani haiongezeki hata senti. Mfumuko wa bei ukipanda, ndiyo imekula kwako. Halafu hisa ghali zinaweza kuzidi kuwa ghali miaka na miaka, wewe uko nje unachungulia.

MamaAkiba: Mwanangu Kichwa, faida kukua si hoja kama bei ilishalipia ukuaji wote. Microsoft haikuacha kupata faida, lakini bei ya hisa yake ya Desemba 1999 haikurudi mpaka 2016. Nasdaq nzima, soko la hisa la Marekani lenye kampuni nyingi za teknolojia, ilishuka karibu asilimia 78 kati ya 2000 na 2002. Mwenye miaka 25 atasubiri. Mimi je?

KichwaNgumu: Shikamoo mama. Hapo sina ubishi, ila gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, nalo lihesabiwe.

DaftariLaRiba: Mnaongea kana kwamba hatifungani haishuki bei. Riba mpya zikipanda, ya zamani yenye riba ndogo hainunuliki ila kwa bei ya chini. Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba, hatifungani za muda mrefu zikapoteza zaidi ya robo ya bei, na hisa zikaanguka mwaka huohuo. Aliyekimbilia huko kujificha alinyeshewa vilevile. Tazama muda: riba ya soko ikitoka asilimia 4 kwenda 5, hatifungani ya miaka 20 inashuka takriban asilimia 12, ya miaka 2 haifiki 2. Ukiishika hadi iive, yaani hadi siku ya mkopo kulipwa, unarudishiwa mtaji wako wote, mradi mkopaji analipa. Mfuko wa hatifungani, unaokusanya nyingi pamoja, kwa kawaida hauna siku ya kuiva, na wauzaji hawapendi kulitaja hilo.

MpimaMizani: Basi pesa ninayoihitaji ndani ya miaka mitatu inaingia hatifungani fupi, niishike mwenyewe hadi iive. Iliyobaki inakaa kwenye hisa, ila siongezi kitu kwa bei hizi.

KichwaNgumu: Hilo la kutoongeza ndilo nalipinga, mkuu.