Kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe inaganda wakati wa kuzima: skrini nyeusi, feni bado zinazunguka

kebo24: Habari wakuu. Nikizima kompyuta, skrini inakuwa nyeusi lakini feni na taa za madabodi haziachi mpaka nishikilie kitufe cha kuwashia. Nikiamuru ijiwashe upya, haina shida. Ni Windows 11, soketi AM4 (ya prosesa za AMD), RAM mbili za GB 8 zikiwa kwenye XMP (mpangilio wa kuzipa kasi zaidi), SSD ya NVMe, pawasaplai ya wati 550. Nianzie wapi?

fundi_wa_draiva: Mkuu, usinunue pawasaplai bado. Hapo kwenye kujiwasha upya pana dalili kubwa. Fast Startup (kipengele cha Windows cha kuwaka haraka) ikiwa hai, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili: Windows inafunga programu zako, halafu inahifadhi kiini cha mfumo pamoja na hali ya draiva (programu zinazoendesha vifaa) kwenye faili la hiberfil.sys. Kujiwasha upya hakupitii huko. Draiva moja tu ikigoma kulala, mashine inakwama.

Fungua Command Prompt uandike:

shutdown /s /t 0

Hiyo inazima kikamilifu. Ikizimika vizuri, mkosaji ni Fast Startup au draiva. Fungua tena Command Prompt, safari hii kama msimamizi, uandike powercfg /h off, kisha usakinishe draiva mpya za chipseti, kadi ya mtandao na kadi ya picha kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Amri hiyo inafuta hiberfil.sys, kwa hiyo hibernate (kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski) nayo inaondoka. Powercfg /h on inairudisha.

pini_ya_kijani: Na ikigoma hata kwa amri hiyo, washa mashine kwa flashi yenye Linux ya majaribio, uizimie humo. Ikizimika, vifaa ni vizima, rudi kwenye Windows. Isipozimika, chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kibodi, hasa kigawanyi chenye umeme wake, maana vingine hurudisha volti 5 kwenye madabodi. Kisha zima XMP, na usasishe BIOS (programu ya msingi ya madabodi).

Pawasaplai ya ATX haijiamulii kuzimika. Madabodi ndiyo inayoushika waya wa kijani, PS_ON, uwe chini (karibu volti 0) ili umeme uwake. Ikiuachia, umeme unakatika. Feni zikiendelea, ama madabodi haijauachia, ama kuna kitu kinachougusisha waya huo na ardhi. Chomoa umeme ukutani, toa madabodi, uangalie kama kuna nguzo ya skrubu iliyofungwa mahali pasipo na tundu. Hilo hutokea sana kwenye kasha linalotumika kwa madabodi za ukubwa tofauti.

Hukumu kwa feni, si taa: madabodi nyingi hubakiza taa kwa umeme wa akiba hata zikiwa zimezimika sawasawa.

msoma_kumbukumbu: Ukifungua Event Viewer (kumbukumbu za matukio ya Windows), usitishwe na matukio namba 41 wala 6008. Hizo zinaandikwa kwa sababu umekata umeme kwa kitufe. Tafuta 1074, yaani ombi la kuzima, halafu 6006 (huduma ya kumbukumbu kusimama) baada yake. Fast Startup ikiwa imezimwa, ukiona 1074 bila 6006, huenda kuna huduma au programu iliyokwamisha mapema. Zikiwepo zote mbili, kukwama kumetokea mwishoni kabisa, kwenye draiva au BIOS, na majaribio ya waliotangulia ndiyo ya kufuata.

Ukishazima kwa nguvu mara kadhaa, endesha chkdsk C: /scan (inakagua makosa ya diski) kwenye Command Prompt ya msimamizi kabla ya kuendelea.