Mrija, neli, bomba, mfereji, mshipa: tunatenganishaje?

Mpanga_Vidahizo
Wanajukwaa, naandaa orodha ya istilahi za vitu vyenye uwazi ndani vinavyopitisha kitu, iwe kwenye mimea, mwilini au kwenye mitambo. Nimekwama kwa maneno matano: mrija, neli, bomba, mfereji na mshipa. Ukifuata kidahizo (neno linaloorodheshwa na kufafanuliwa) kimoja kwenye kamusi unarudishwa kwa kingine. Kuna kigezo cha kuyatenganisha? Na trakea, njia ya hewa kwenda mapafuni, niiandikeje ili isichanganywe na koo?

Bua_la_Mtama
Mkuu, ukubwa usiufanye kigezo, utakuangusha. Tazama kitu kinapitaje humo.

Mrija ni kitu cha kufyonzea. Picha yake ya kwanza ni lile bua jembamba la kunywea. Ndiyo maana unamfaa sana kipepeo. Anapotoka kwenye buu-bwete, mdomo wake huwa nusu mbili zilizoachana, naye huzikunja na kuzikunjua mpaka zishikamane ziwe mrija mmoja. Zisiposhikamana, hawezi kufyonza nekta. Kutoka hapo neno limeenea kwenye njia nyembamba za viumbe: mirija ya uzazi, mirija ya zailemu inayopandisha maji kutoka mizizini.

Bomba lina shida yake. Limetoka kwenye Kireno, na huko ni kile kinachosukuma maji, si njia yake. Maana zote mbili tunazo hadi leo: bomba la sindano lina pistoni ya kusukumia dawa, lakini bomba la maji limelala tu ardhini. Ukiandika kwenye mwongozo wa mtambo "bomba limeziba", fundi hajui afungue nini. Andika pampu kwa kinachosukuma, bomba kwa njia. Bomba la kufungua na kufunga liite koki, hasa kwa kuwa Kenya wengi huliita mfereji, na wewe mfereji utauhitaji kwa njia iliyo wazi juu.

Neli ningeiachia mrija mgumu wa kioo au chuma ulio sehemu ya chombo. Ngeli yake ni I-/ZI-: neli hii, neli hizi. Mrija na mfereji ni U-/I-, bomba ni LI-/YA-.

Gegedu
Kwanza, mshipa uutoe kwenye orodha kama jina la jumla. Mshipa wa damu una uwazi, lakini mshipa wa fahamu ni kifurushi cha nyuzi, hakuna kinachotiririka ndani kama kwenye bomba. Tena mtu akisema "ana mshipa" pengine anataja ngiri. Tumia ateri, vena na kapilari kwa mishipa ya damu, na neva kwa mishipa ya fahamu, kisha uonyeshe kwamba watu huziita zote mishipa.

Trakea iandike trakea, na ufafanuzi uwe "bomba la hewa". Koo ni eneo zima. Zoloto ndiyo yenye nyuzi za sauti, nayo iko juu ya trakea. Kwa mtu mzima trakea ina urefu wa takriban sentimita 10 hadi 12, na kuta zake zimeshikiliwa wazi na pingili 16 hadi 20 za gegedu. Pingili hizo si duara kamili: nyuma zimeachwa wazi, na hapo ndipo umio, yaani njia ya chakula, umelala, hivyo tonge linaposhuka umio hupata nafasi ya kutanuka. Hapa bomba ni jina sahihi kwa sababu ukuta hausinyai. Umio wenyewe hujifumba usipopitisha kitu. Chunga pia umio na kimio. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa.

Kosa la hatari zaidi ni "mrija wa mkojo" bila maelezo. Ureta ni mbili, kila moja takriban sentimita 25 hadi 30, kutoka figo hadi kibofu. Urethra ni moja, kutoka kibofu kwenda nje. Maelekezo ya kuingiza katheta (mrija wa kutolea mkojo) yasiyotofautisha hayo hayafai kuchapishwa.

Flanji
Naongeza ya mitambo. Bomba na mrija hupimwa tofauti. Bomba la chuma la nusu inchi ni jina tu: kipenyo chake cha nje ni milimita 21.3. Mrija wa hidroliki wa milimita 12 una milimita 12 kweli, kwa nje. Mfasiri akibadilisha maneno hayo, kiungo kinachoagizwa hakiingii.

Kwenye boila tumia mirija, lakini taja kilicho ndani. Katika boila ya mirija ya moto, gesi ya moto hupita ndani na maji yako nje. Masizi huganda ndani, magadi ya maji, yaani ukoko wa madini, huganda nje. Katika boila ya mirija ya maji ni kinyume chake. "Safisha mirija" peke yake haitoshi.

Njia inayopindika ni mpira au hosi, usiite bomba.

Mpanga_Vidahizo
Asanteni sana, nimeelewa. Kasiba ya bunduki je, niiweke chini ya bomba?

Bua_la_Mtama
Hapana, ipe kidahizo chake. Kasiba imetoka kwenye neno la Kiarabu la mwanzi au tete. Iunganishe na mwanzi, maana hata matundu ya pua tunayaita mianzi ya pua.