Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kujiunga na kikosi cha wageni Ukraine, mkataba uangaliwe vipi?

Kaka Mkubwa
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu ameshaamua, kumzuia nimeshindwa. Sasa nahangaika na karatasi. Dalali anasema hakuna tabu, ukichoka unaondoka. Wengine wanasema mgeni akitekwa ni mamluki, hana haki yoyote. Wenye ujuzi, aangalie nini kabla ya kuweka saini?

Ibara47
Mkuu, hili la umamluki watu hulipotosha sana. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva ya sheria za vita, ibara ya 47, ina masharti sita na lazima yatimie YOTE: awe ameandikishwa mahususi kwa vita hivyo, ashiriki mapigano moja kwa moja, asukumwe hasa na faida binafsi huku akiahidiwa malipo makubwa kupita ya askari wenzake wa cheo kilekile, asiwe raia wala mkazi wa upande unaopigana, asiwe mwanajeshi wa upande huo, na asiwe ametumwa kikazi na jeshi la nchi nyingine. Sharti la tano ndilo la kushika. Aliyeandikishwa rasmi jeshini na kulipwa kama wenzake si mamluki, hata kama ni mgeni. Kwa hiyo usiulize jina la kikosi, uliza kama kipo ndani ya jeshi.

Shuhuda wa Hati
Nyongeza kwa Ibara47: sheria kwenye karatasi ni kitu kimoja, aliyekuteka ni kingine. Juni 2022 mahakama ya waliojitenga Donetsk, mashariki mwa Ukraine, wakiungwa mkono na Urusi, iliwahukumu kifo Waingereza wawili na Mmoroko mmoja kwa umamluki, ilhali walikuwa wanajeshi wa majini wa Ukraine. Waliachiwa Septemba mwaka huohuo kwenye mabadilishano ya wafungwa.

Akitekwa, chini ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 analazimika kutaja jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jeshi, basi. Kitambulisho cha jeshi anaweza kutakiwa akionyeshe, lakini hakipaswi kuchukuliwa. Ana haki pia ya kujaza kadi ya kutekwa ndani ya wiki moja tangu afike kambini, ifike kwa familia na kwa wakala wa kutafuta wafungwa ulio chini ya Msalaba Mwekundu.

Kaka Mkubwa
Nashukuru sana. Na muda wa mkataba? Kuna dalali mwingine anamvuta upande wa Urusi, anasema ni mwaka mmoja tu.

Mlinzi wa Zamu
Hapo kuwa macho! Amri ya rais wa Urusi ya tarehe 21 Septemba 2022 inasema mikataba ya jeshi inaendelea kuwa na nguvu hadi kipindi cha uhamasishaji (kuita raia jeshini) kiishe. Huo "mwaka mmoja" hauna mlango wa kutokea. Halafu mkataba uko kwa Kirusi. Asiyeusoma anaweza kusaini akidhani ni wa ulinzi wa ghala au udereva, kumbe ni wa askari wa miguu. Atafute mtafsiri wake mwenyewe, asiletewe na dalali.

Ukraine mkataba wa kawaida wa mgeni ni miaka 3, ila baada ya miezi 6 ana haki ya kuomba kuuvunja. Kabla ya hapo, au akiondoka bila kibali, ni mtoro. Dalali wa "ukichoka unaondoka" anadanganya. Na akidai ada ya kuandikishwa, mkimbieni.

Shuhuda wa Hati
Pasipoti nayo. Wageni wapatao 35,000 waliopigania Jamhuri ya Uhispania kwenye Brigedi za Kimataifa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936-39, walipofika kituo cha Albacete walikusanyiwa pasipoti, na nyingi hazikurudi. Aliyemuua Trotsky, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, mwaka 1940 alisafiri na pasipoti ya Kanada iliyotoka kwa mmoja wa wapiganaji hao. Nakala za kila ukurasa zibaki nyumbani, pamoja na mkataba, namba ya jeshi na jina la kikosi.

Ibara47
Aangalie pia sheria ya nchi yake kabla ya kupanda ndege. Uingereza ina sheria inayobana wanaojiunga na majeshi ya kigeni tangu 1870, Afrika Kusini ya 1998. Jeshi la ugenini likikukubali, haina maana kwenu hawatakushtaki.

Mlinzi wa Zamu
La mwisho, gumu kidogo. Fidia ya Ukraine kwa familia ya aliyeuawa ni hryvnia (fedha ya Ukraine) milioni 15, moja ya tano kwanza, zilizobaki kwa mafungu ya kila mwezi. Hailipwi kwa "hajulikani alipo". Kifo lazima kithibitishwe, kwa mwili kutambuliwa au kwa uamuzi wa mahakama, kwa hiyo aache sampuli ya DNA, na vyeti vya ndoa na kuzaliwa vitafsiriwe mapema. Jina likitofautiana herufi moja kati ya pasipoti na cheti, faili linakwama.

Kaka Mkubwa
Jina lake lina tofauti ya herufi hiyohiyo. Tunaanza na kurekebisha cheti.