Mjadala: Mwanafunzi wa chuo mwenye ndevu abebwe bure?

Wa Mtongwe: Jamani tuongee bila matusi. Kule Scotland tangu Januari 2022 kijana wa chini ya miaka 22 anapanda basi bure, ana kadi yake, na serikali inamlipa mwenye basi. Sasa hawa wetu hapa Mombasa wa vyuo vya ufundi, wanaosomea umeme, mabomba, ushonaji, mtu anatoka Mtongwe asubuhi gari hadi feri, feri sawa wa miguu halipi, akishuka ng'ambo ni matatu tena mpaka Kisauni na jioni ni yale yale. Bursari ikitoka inaingia akaunti ya chuo, kwa hivyo karo imelipwa lakini mwenyewe yuko nyumbani hana nauli!! Mimi nasema wabebwe bure, na wasiwekewe umri, maana wengi hapa wanarudi chuo na miaka 27, 30, washazaa.

Makanga mstaafu: Bure nani alipe yakhe? Gari ni ya mkopo, tajiri anataka hesabu yake jioni, mafuta hayajui mwanafunzi. Gari ya watu 14, nikibeba sita wa bure asubuhi si nimebeba hewa. Mtoto wa praimari mwenye yunifomu twampunguzia na bado twamsimamisha, seuze wewe baba mzima na begi.

Mama Shamsa: Huyo baba mzima ndiye alipa nyumba na maziwa ya mtoto. Binti yangu aliacha muhula wa pili, si karo, ni nauli. Wamtumie tu kwa simu kila wiki.

Kijana wa Tudor: Nauli ya simu italiwa viazi karai mama 😂 nawajua wenzangu

Mama Shamsa: Wale viazi, bora wafike darasani.

Mkaazi: Kabla ya kuigiza wazungu, Uingereza kwenyewe sheria yasema mtoto awe shule ama mafunzoni mpaka 18 na haki ya usafiri wa bure yaishia 16, wazazi huko walia kila mwaka. Tuangalie kwetu. Katiba ya 2010 imeipa kaunti vyuo vya ufundi vya mitaani na usafiri wa barabarani pia, vyote viwili, kwa hivyo diwani asituambie si kazi yake. Vile vyuo vikubwa vya kitaifa ni vya serikali kuu ya Nairobi, hapo ndipo patakwama. Mimi naunga mkono lakini waanze na hivyo vya kaunti, na apewe anayehudhuria, sio aliyejiandikisha tu halafu anazurura Mwembe Tayari.

Wa Mtongwe: Sawa, hilo la kuhudhuria nakubali. Na makanga akilipwa na kaunti kwa kila kichwa, kuna ubaya gani?

Makanga mstaafu: Ubaya hakuna. Lakini kaunti hizi hizi zenye madeni ya makontrakta wa miaka? Walipe mwezi mmoja mbele kwanza, hapo mwenye ndevu hata mbele karibu na dereva nitamkalisha.